Mbele ya Meza ya Watahini: Historia ya Mtihani wa Kuzungumza Kifaransa

Mwaka 1809 vijana 31 walifaulu mtihani wa kwanza wa baccalauréat, yaani mtihani wa kuhitimu sekondari, nchini Ufaransa, mwaka mmoja tu baada ya Napoleon kuuanzisha. Mtihani wote ulikuwa wa mdomo. Mtahiniwa aliulizwa kuhusu waandishi wa Kigiriki na Kilatini, akajibu papo hapo mbele ya walimu. Sehemu ya kuandika ilikuja mwaka 1830, na kadiri miaka ilivyopita karatasi ikatwaa nafasi kubwa zaidi.

Wageni waliojifunza Kifaransa walirithi heshima hiyo ya karatasi. Alliance Française, iliyoanzishwa Paris mwaka 1883, ilieneza lugha hiyo ng'ambo, na kuanzia 1953 madarasa mengi yalitumia kitabu cha Gaston Mauger, chenye visa vya akina Vincent, familia ya Kanada iliyozuru Ufaransa. Sarufi yake ilipangwa vizuri na sentensi zake zilikuwa safi. Tatizo ni kwamba Wafaransa wenyewe hawakuzungumza hivyo sokoni wala nyumbani.

Kinasa sauti ndicho kilicholeta ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanaisimu Georges Gougenheim na wenzake walirekodi mazungumzo 163 ya watu 275, wakapata maneno 312,135 ya kuhesabiwa. Hesabu ilionyesha ni maneno gani hasa hubeba mazungumzo ya kila siku. Ilionyesha pia kasoro: majina ya vitu ambavyo kila mtu anavijua yalijitokeza mara chache mno, kwa kuwa hutajwa pale tu mada inapoyadai. Watafiti wakawageukia wanafunzi wa shule, wakawataka waandike maneno yanayowajia kuhusu chakula, mavazi, usafiri na mada nyingine. Msamiati uliopatikana ukaitwa français fondamental, yaani Kifaransa cha msingi.

Juu ya msingi huo likajengwa somo la Voix et images de France, lililotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanafunzi alitazama picha, akasikiliza sauti ya mkanda, akarudia. Maandishi yalisubiri. Ulimi ulizoea matamshi, lakini mazungumzo yalikuwa ya kukariri, na aliyeulizwa jambo lisilokuwamo kwenye mkanda alikwama.

Mwaka 1976 Baraza la Ulaya lilitoa Un niveau-seuil, kitabu kilichoorodhesha mambo ambayo mtu huyatenda kwa lugha: kuomba, kukataa, kulalamika, kushauri. Swali la mtahini likabadilika. Badala ya kutaka kujua mtahiniwa anajua kanuni ngapi, sasa alitaka kujua anaweza kufanya nini kwa Kifaransa.

Diploma za DELF na DALF, zilizoanzishwa mwaka 1985 na kupangwa upya mwaka 2005 kwa ngazi kuanzia A1 ya chini kabisa hadi C2 ya juu kabisa, zimefuata njia hiyo. Katika sehemu ya kuzungumza, mtahiniwa wa A1 hununua vitu dukani kwa pesa za kuigiza. Wa B1 hupewa mgogoro mdogo na kuutatua na mtahini bila muda wa kujiandaa. Wa B2 huokota karatasi mbili za mada, huchagua moja, hupata dakika 30 za kupanga hoja, kisha hueleza msimamo wake na kuutetea kwa mjadala. Hapo hotuba iliyokaririwa haifiki mbali, maana mtahini hupinga na kudai mfano.

Mitihani hii hufanyika pia Nairobi na Dar es Salaam. Baadhi ya Waafrika Mashariki wanaotaka kuhamia Kanada hufanya mtihani wa TCF Canada, ambao sehemu yake ya kuzungumza huchukua dakika 12 na ina kazi tatu. Katika kazi ya pili mtahiniwa ndiye anayemhoji mtahini, na ni hapo tu anapopewa dakika mbili za kufikiri.

Kwa hiyo mazoezi yanayofaa leo ni ya watu wawili na saa ya mkononi: mmoja atoe hoja, mwingine apinge, kisha wabadilishane. Katika DELF kuzungumza kuna alama 25 kati ya 100, na anayepata chini ya 5 katika sehemu hiyo hafaulu, hata kama jumla yake imevuka 50.