Mtoto mwenye SS: utulivu wa mzazi nao ni dawa

Drepanositozi, inayojulikana pia kama SS, ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Ndipo mtoto anaumwa sana mikono, miguu, mgongo ao tumbo.

Wakati huo mtoto anaangalia uso wa mzazi. Mama akilia, baba akigomba, ao jamaa wakianza kutafuta mlozi, mtoto anaogopa na maumivu yanazidi. Akiambiwa «unajifanya tu», anajifunza kunyamaza, hata hali ikiwa ya hatari.

Kinachosaidia ni kumwamini, kumnywesha maji mengi, kumkinga na baridi, kumpa dawa kama munganga alivyoandika, kisha kumwongelesha ao kumwimbia. Akipata nafuu, arudie michezo na masomo pole pole. Lakini homa, kifua kuuma ao kupumua kwa shida: kituo cha afya mara moja!

Mama asilaumiwe peke yake: ugonjwa unatoka kwa wazazi wote wawili. Wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 juu ya 4 ya kuleta mtoto SS.