Asili ya Neno "Merikani"

Leo tutazame neno merikani, yaani ile nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi. Neno lenyewe limetoka katika Kiingereza, na maana yake ni "ya Marekani". Baada ya Seyyid Said kufanya mkataba na Marekani mwaka 1833, merikebu za Salem zilizidi kuleta majora yake Unguja, zikachukua pembe na sandarusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, nguo za Uingereza na za Bombay ziliingia sokoni. Lakini jina likabaki. Pamba ile ilichumwa na watumwa wenye asili ya Afrika, na hapa Unguja ikavaliwa na watumwa. Basi tulitajapo neno hili, tuwakumbuke wote wawili.