Kupenyeza

Kaskazini ya jiji la Brussels, huko Puurs, ndiko zilikotengenezwa dozi nyingi za chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer na BioNTech. Mara nyingi tunaandika kwamba chanjo hiyo “inaingiza” mRNA, yaani ujumbe wa kijeni, katika seli. Mimi nashikilia “kupenyeza”.

mRNA hiyo haibebwi na virusi. Imefungwa katika chembe ya mafuta ya aina nne, yenye upana wa nanomita 80 hivi, na seli huimeza ndani ya kifuko. Hapo imeingia, lakini haijapenya! Kifuko kinapozidi kuwa na asidi, aina moja ya mafuta hayo hupata chaji chanya, huvuruga utando wa kifuko, na ujumbe hutoka kwenda kusomwa. Sehemu kubwa ya shehena haitoki. Humeng’enywa humo humo. Watafiti wanaotaka kuacha virusi kama wabebaji wa jeni wanahangaikia hasa hatua hiyo ya pili, ambayo “kuingiza” huificha kabisa.