Sigara Ilifika Chepkoilel Kabla ya Msaada

Ukishuka matatu Chepkoilel, kilomita kama tisa kutoka Eldoret mjini kwa barabara ya Ziwa, hutembei sana kabla hujaona kibanda chenye kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba. Wasee, mnakijua. Unatoa sarafu, unapewa fegi moja, unawasha hapo hapo, unaenda darasani. Hakuna anayekuuliza umri.

Sasa jiulize: ukitaka kuiacha hiyo fegi leo jioni, utaenda wapi? Nimewauliza makomredi wengi swali hili. Wengine walicheka, wengine wakaniambia nitafune PK. Hakuna aliyenitajia mlango hata mmoja wa kubisha.

Nauliza kwa sababu ya mjomba wangu. Alivuta tangu akiwa kijana wa kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Alipoanza kukohoa alienda zahanati, akapewa dawa za TB. Miezi sita. Akamaliza, bado anakohoa, akaanzishiwa tena. Siku alipofika hospitali kubwa na kupigwa picha ya maana, saratani ilikuwa imeshatoka kwenye mapafu na kusambaa. Tulimzika kabla ya mavuno. Kogo hadi leo huuliza zile dawa zote zilikuwa za nini.

Tuanze na jinsi sigara ilivyotufikia. Tumbaku yenyewe si ngeni. Wazee wetu walinusa ugoro kabla mzungu hajalima hata ekari moja hapa. Kilicho kipya ni sigara ya kiwandani. Kampuni ya British American Tobacco iliingia Kenya 1907. Mwaka mmoja baadaye, 1908, Makaburu wakapanda na magari yao ya ng'ombe hadi Uasin Gishu, ardhi ikageuka mashamba makubwa. Chuo chetu ni mtoto wa historia hiyo. Kilianzishwa 1946 kama kituo cha kuwafunza walowezi kilimo, 1984 kikawa chuo cha walimu, 1990 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret.

Sigara ilikuwa na njia zake muda wote huo: magari, mawakala, maduka, matangazo. Moja iliitwa Sportsman, yaani mwanamichezo. Fikiria jina hilo likiuzwa kwenye mji wa wakimbiaji! Na tusisingizie kwamba hakuna aliyejua madhara. Huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu 1950, miaka minne tu baada ya kituo chetu kufunguliwa. Kenya ilipata Sheria ya Kudhibiti Tumbaku 2007. Kwa hiyo habari mbaya zilichukua miaka 57 kugeuka sheria.

Na sheria hiyo, mkiisoma, si mchezo. Inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza kuuza sigara moja moja. Pakiti isiwe na chini ya kumi. Sasa angalia tena kile kibanda. Simlaumu mama anayeuza, anatafuta karo. Ninachosema ni kwamba sigara ilifika hadi kwenye kamba ya kiberiti, ila sheria iliishia Nairobi.

Kuna watakaosema, "Huku mashinani haiwezekani, hatuna pesa, hatuna wataalamu." Nawajibu kwa historia ya Eldoret yenyewe.

Karibu mwaka wa 2000, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi alilala wadini hapa mjini akiwa amebaki mifupa kwa sababu ya UKIMWI. Dawa za ARV zilikuwepo duniani lakini si za mtu wa hapa. Wakubwa wengi wa dunia walikuwa wanasema Waafrika hawataziweza. Joe Mamlin, daktari kutoka Indiana aliyekuwa akifanya kazi hapa, akatafutia mwanafunzi huyo dawa kwa michango. Komredi akainuka kitandani. Mwaka wa 2001 ukaanza mpango wa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Walianza na kliniki chache. Miaka kadhaa baadaye wahudumu wao walikuwa wanabisha hodi nyumba kwa nyumba wakipima watu HIV sebuleni. Jina la AMPATH lilipoanza lilikuwa la UKIMWI pekee; baadaye likabadilishwa ili liwe la huduma za afya kwa jumla.

Yaani huku kwetu tayari tunajua kupeleka huduma hadi mlangoni. Tulishafanya.

Kwa mapafu pia kuna mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 2010, AMPATH na Hospitali ya Rufaa ya Moi, kwa ufadhili wa wakfu wa Bristol Myers Squibb, walianza mradi wa saratani ya mapafu magharibi mwa Kenya: kufundisha wahudumu dalili zake na kuwafikisha wagonjwa kwenye vipimo mapema. Hilo ndilo lingemsaidia mjomba.

Hapa nataka tuwe makini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba kuwapima wavutaji sugu kwa mashine ya CT yenye mionzi kidogo, kabla hawajaumwa, kulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Safi. Lakini huku TB ni nyingi, na TB huacha makovu ambayo kwenye picha yanaweza kufanana na uvimbe. Ukiwapiga watu wote CT bila mpango, utawatisha wengi na kuwakata nyama bure. Kwetu hatua ya kwanza ni rahisi zaidi: kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe. Vipimo visipoonyesha TB, au dawa ziishe na mtu bado anakohoa, asirudishiwe dawa zile zile. Atumwe mbele. Na hili si la wavutaji peke yao. Mama aliyepikia kuni jikoni lisilo na dirisha kwa miaka arobaini naye ana mapafu.

Pesa je? Sheria ile ya 2007 iliunda Hazina ya Kudhibiti Tumbaku, na mojawapo ya kazi zake ni kusaidia watu kuacha. Kanuni za 2014 zikataka kampuni za tumbaku zichangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kila mwaka. BAT ilienda kortini kuzipinga, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 ikashindwa. Nikotini ya kutafuna na ya kubandika kwenye ngozi, inayosaidia mtu kuacha, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na naliweka wazi kwa kaunti na kwa wizara: hiyo asilimia 2 inunue dawa za kuacha sigara ziwekwe kwenye vituo vya afya vya Uasin Gishu na kliniki za vyuo, na wale wahudumu wa afya ya jamii wanaotupitia nyumbani kupima presha wafundishwe maswali mawili tu: "Unavuta?" na "Umekohoa tangu lini?"

Na wewe unayesoma hii ukiwa na fegi mkononi, sikuhukumu. Anayeacha kabla ya miaka 40 huepuka takriban asilimia 90 ya hatari ya ziada ya kufa inayoletwa na kuendelea kuvuta. Wengi wetu hapa hatujafika hata 25. Mjomba alikuwa na 58, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama angetaka kuacha. Kogo anasema angekubali.