Zidaka: vyombo vya kale katika kuta za nyumba za Waswahili

Zidaka ni mashubaka madogo yaliyochongwa safu juu ya safu katika ukuta wa chokaa, kwa ajili ya kuwekea sahani, bakuli, mirashi na vyombo vingine vya thamani. Hupatikana katika nyumba za mawe za pwani ya Afrika Mashariki, na zinazosifika zaidi ni za Lamu na Pate, ambazo nyingi ni za karne ya 18.

Siku hizi kupamba nyumba kwa vitu vya zamani kumekuwa mtindo mijini, na zidaka hutajwa kama asili ya mtindo huo kwetu. Hapo pana kosa. Vyombo vilivyopangwa humo havikuwa vya kale vilipoingia nyumbani. Vilikuwa vipya, vya ghali, vimeshushwa jahazini juzijuzi, na uzee viliupatia pale pale ukutani, mikononi mwa watu wa ukoo mmoja. Anayenunua leo bakuli la kale dukani ananunua uzee uliokwisha kukamilika kwa mwingine. Mambo hayo mawili yanafanana kwa macho tu.

Chumba na ukuta wake

Nyumba ya mawe ya Lamu huingiwa kwa hatua. Mbele kuna daka lenye baraza, mahali pa wanaume na wageni; nyuma yake tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa juu. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiinuka kidogo kuliko kilichotangulia: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba. Vyote ni virefu na vyembamba. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na nafasi kati ya kuta mbili haizidi sana mita 3, kwa sababu boriti ikiwa ndefu kuliko hapo hulemewa. Madirisha ni haba, hivyo mwanga hutoka kiwandani na kufifia kadiri mtu anavyozidi kuingia.

Ukuta wa zidaka umewekwa mwisho wa njia hiyo, ukiukabili mwanga. Mpango huo una akili. Katika chumba chembamba namna ile, kabati moja lingeziba nusu ya pito. Kidaka hakichukui hata shubiri ya sakafu, maana kina chake kimo katika unene wa ukuta wenyewe. Sakafu ilibaki kwa vitanda, mikeka na masanduku. Chokaa nyeupe hurudisha mwanga mdogo uliofika, na sahani yenye kung'aa huudaka, kiasi kwamba aliyesimama kiwandani huona vyombo kabla hajawaona watu walioketi chumbani.

Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu. Nakshi za kina zilihitaji matumbawe ya baharini, yaliyotolewa yakiwa bado mabichi, kwa kuwa hukatika kwa urahisi kabla hayajakauka. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo ya mikoko yaliyopangwa duara, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ikomae kwa miezi. Fundi alipaka tabaka juu ya tabaka, na kuchonga kwa kisu tabaka la juu lilipokuwa halijawa gumu: majani, maua ya duara, mafundo yasiyoonyesha mwanzo wala mwisho. Ukitazama kwa karibu, nyumba zilizosalia hukuonyesha mkono wa mtu. Ua la kushoto halilingani sawasawa na la kulia, na pembe za vidaka hazikupimwa kwa chuma. Vipande vya jasi vinavyomwagwa kwenye kalibu leo ili kuiga zidaka hukosa hilo kwanza.

Kidaka ni kidogo. Hutosha chombo kimoja, kwa nadra viwili. Kwa hiyo ukuta uliamua mkusanyo uweje: kila kitu kilipata mahali pake peke yake, kikiwa kimezungukwa na weupe, na hakuna kilichofichwa nyuma ya kingine. Pia ulifichua upungufu. Mwenye kujenga safu tano za vidaka alikuwa ametangaza kuwa anavyo vyombo vya kuzijaza, au kwamba wanaosafiri kwa niaba yake watavileta. Wanaopamba nyumba siku hizi kwa kurundika kila walichokiokota juu ya rafu moja wangefaidika kwa kuutazama ukuta huo kwa muda.

Vyombo vilikotoka

Vyombo vya Uchina vilianza kufika pwani hii mapema. Vipande vyake vimechimbuliwa Manda na Shanga katika matabaka ya karne ya 9, pamoja na mitungi ya Uajemi yenye rangi ya buluu iliyokolea kijani. Vingi vilipitia masoko ya Ghuba na India kabla ya kupakiwa kwa msimu wa kaskazi. Kwa karne kadhaa, kauri ya kijani ndiyo iliyopendwa. Baadaye ikaja nyeupe yenye michoro ya buluu, ya enzi za Ming na Qing, ambayo ndiyo inayokuja akilini mwa watu wakisikia neno zidaka.

Kauri hiyo haikukaa nyumbani tu. Katika msikiti mdogo wa makuba huko Kilwa Kisiwani, wa karne ya 15, bakuli zilipachikwa darini. Makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi yalipachikwa bakuli na sahani za Kichina, ingawa nyingi zimeng'olewa na wezi, zikaacha mashimo ya duara kwenye chokaa. Huko Gedi, mwanaakiolojia James Kirkman alipochimbua magofu kati ya 1948 na 1958, alizipa baadhi ya nyumba majina ya vitu vilivyoonekana ndani yake: nyumba ya bakuli la kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma. Wenyeji wa nyumba hizo hawajulikani kwa majina. Vyombo vyao ndivyo vilivyowasimamia.

Katika karne ya 19 chanzo kilibadilika. Viwanda vya Uingereza, Ufaransa na hasa Maastricht nchini Uholanzi vilileta sahani na bakuli za bei nafuu, zilizochapwa michoro au kupigwa rangi kwa sponji, nyekundu, kijani, buluu. Wataalamu wa mambo ya kale walizidharau kwa muda mrefu. Waliozinunua hawakuzidharau: ziliwekwa ukutani kando ya za Uchina, na wasiopata za Uchina walizipa heshima ile ile.

Sahani zilizotundikwa ukutani, badala ya kuwekwa kidakani, hutambulika kwa nyuma. Ukiigeuza, utaona ile pete ya chini inayoikalisha mezani imetobolewa tundu mbili karibu karibu, upande mmoja, kwa keekee ndogo. Uzi ulipitishwa humo, sahani ikaning'inizwa kwenye msumari. Tundu hizo hupunguza bei kwa mnunuzi wa London. Kwa anayeijua pwani ndizo zinazoithibitisha, kwa sababu zinaonyesha kuwa sahani iliishi huku.

Nani alikuwa mwenyewe

Mkusanyo ulikuwa wa nyumba, na nyumba kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya wanawake. Familia tajiri za Lamu zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, au kumwongezea ghorofa juu ya ile ya mama yake, au kuvusha wikio juu ya kichochoro ili kuziunganisha nyumba mbili. Mume ndiye aliyehamia. Baharia au mfanyabiashara alileta kombe kutoka safarini, lakini lilipowekwa kwenye kidaka lilikwisha kuingia katika mali ya upande wa mke, na lingemwona binti, na binti wa binti.

Chumba cha ndani, chenye zidaka, kilikuwa pia mahali pa mambo mazito: bibi harusi alitazamwa humo, na chumba kilicho nyuma ya ukuta wa zidaka, nyumba ya kati, kilitumika kwa uzazi na kwa kuoshea maiti. Mwanaakiolojia Linda Donley, aliyeandika juu ya nyumba za Lamu kuanzia 1982, alidai kwamba vyombo havikuwa urembo mtupu. Vilikuwa kinga. Jicho la hasidi lingekiangukia chombo kwanza, na chombo kikapasuka badala ya mtu kudhurika. Hoja hiyo ina nguvu, maana sahani nyeupe zilikuwa na kazi nyingine ya kutibu: aya za Kurani huandikwa humo kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Lakini si lazima kuchagua kati ya kinga na fahari. Kitu cha kukinga husuda lazima kiwe kizuri cha kutosha kuivuta.

Huko Unguja desturi ilichukua sura nyingine. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alieleza vyumba vya utotoni mwake katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mashubaka yalipanda hadi darini, yakagawanywa kwa rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na humo zikapangwa glasi na kauri kwa kulinganishwa pande zote. Hakuna bei iliyoonekana kubwa kwa glasi iliyokatwa vizuri au jagi la kupendeza. Nafasi kati ya shubaka na shubaka zilijazwa vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya, na juu ya hayo saa, mara nyingi saa nyingi katika nyumba moja. Picha zilikwepwa kwa sababu ya dini. Hilo lilikuja kulegea, na katika karne ya 20 picha za studio zilizotiwa fremu ndizo zilizotawala kuta za sebuleni.

Kabati la kioo, lile la sebuleni lenye glasi ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzinywea, ni mrithi wa karibu zaidi wa zidaka kuliko ukuta wowote wa kuigiza wa hoteli. Linashika kanuni ile ile: vyombo vya kutazamwa, vilivyoletwa na watu wanaojulikana, chini ya ulinzi wa mama mwenye nyumba.

Kuporomoka

Utajiri wa Pate ulikwisha kunyauka mwanzoni mwa karne ya 19, na mshairi Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wake Al-Inkishafi, alizitaja zidaka zisizo na vyombo miongoni mwa alama za anasa iliyopita. Magofu yalipozidi, vyombo vilianza kutembea: vingine kwa jamaa waliohamia Lamu na Mombasa, vingine kwa wachuuzi. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, samani na vyombo vya nyumba nyingi za Mji Mkongwe vilipoteza wenyewe. Wimbi la watalii na wakusanyaji lililofuata likavifikisha sokoni viti vya enzi, vitanda vya samadari, masanduku ya njumu na hata milango mizima. Leo Lamu ina nyumba moja ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambamo zidaka na vyombo vinaonekana pamoja, jambo ambalo limekuwa adimu.

Kununua, kutunza

Anayetaka kupamba kwa vyombo vya namna hii akumbuke mambo machache. Alama ya mfalme wa Kichina chini ya bakuli si ushahidi wa umri, kwa maana Wachina wenyewe walinakili alama za enzi zilizotangulia kwa karne nyingi. Sahani yenye jina la nchi kwa Kiingereza kwa kawaida ni ya baada ya 1891, mwaka ambao sheria ya ushuru ya Marekani ilianza kudai bidhaa ziandikwe zilikotoka. Michoro iliyochapwa huonyesha mshono mahali karatasi mbili za mchapo zilipokutana. Iliyochorwa kwa mkono haina mshono.

Sheria nayo ina lake la kusema. Nchini Kenya, kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa mali ya kale chini ya sheria ya 2006, na hakisafirishwi nje bila kibali. Tanzania Bara, sheria ya 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, na Zanzibar ina sheria zake. Muuzaji anayesema hakuna haja ya karatasi anakuuzia pia matatizo yake.

Wenye bahati ya kurithi ukuta halisi wa zidaka hukosea mara nyingi kwenye ukarabati. Ufa ukitokea, fundi huitwa, naye huja na saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini pamoja na chumvi, na chokaa huuruhusu unyevu huo utoke. Saruji huuzuia, na rangi ya mafuta pia. Chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache ya mvua nakshi ya zamani iliyo jirani hubanduka, si kiraka. Kinachotakiwa ni chokaa iliyokomaa, mchanga usio na chumvi, na fundi ambaye hatakuwa na haraka ya kuondoka kabla tabaka la kwanza halijakauka.