Operesheni: rangi ya kijani inayosaidia munganga kuona yaliyofichika

Munganga anayepasua mgonjwa anategemea macho na vidole vyake. Lakini ndani ya tumbo vitu vingi vinafanana. Mrija wa nyongo unajificha ndani ya mafuta, utumbo uliokosa damu unaweza bado kuonekana muzima, na kanseri ndogo haina rangi yake kila mara. Ku hospitali nyingi za Ulaya, Japani na Marekani, waganga wanatumia dawa ya rangi pamoja na kamera ya pekee ili kuona vitu hivyo. Njia hiyo inaitwa fluoresensi. Wakaaji wa Kivu, Ituri ao Tanganyika wanaoenda kupasuliwa inje ya inchi wanaweza kukutana nayo, kwa hiyo ni vizuri kujua inafanya nini na haifanyi nini.

Ni dawa gani?

Dawa inayotumiwa zaidi ni indosianini ya kijani, ambayo waganga wanaiita kwa kifupi ICG. Si kitu kipya. Ilitengenezwa katika labo za kampuni ya Kodak, ile ya filme za picha, na Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa tangu mwaka wa 1959. Kwa miaka mingi ilitumiwa kupima kazi ya moyo na ya ini, kisha kuangalia mishipa ya damu ndani ya jicho. Kilichokuja nyuma ni kamera nzuri za kuitumia wakati wa operesheni.

Ni unga unaochanganywa na maji na kupigwa kwa sindano. Ikiingia katika damu, inashikana na protini na kuzunguka nayo. Ini ndilo linaiokota na kuitoa kupitia nyongo. Kwa mutu mwenye ini zuri, nusu ya dawa inatoka katika damu kwa dakika 3 ao 4 tu. Inaishia katika choo kikubwa, haipitie mafigo.

Mwanga usioonekana

Weka toroshi nyuma ya vidole usiku: utaona wekundu tu. Damu inameza rangi zingine, na mwanga mwekundu unapita. Baada ya wekundu kuna mwanga mwingine ambao jicho haliwezi kuuona, unaoitwa infraruji. Ndio ule wa telekomande ya televizio. Infraruji iliyo karibu na wekundu inapita katika nyama ya mwili kuliko mwanga wa kawaida.

Jicho linaona mwanga wa nanometa 400 hadi 700 hivi. ICG inapigwa na mwanga wa karibu nanometa 800, nayo inarudisha mwanga wake wa karibu 830. Kamera inazuia mwanga wa kwanza, inapokea ule wa pili, kisha inauonyesha ku televizio, mara nyingi kwa rangi ya kijani. Mara nyingi wanazima kwanza taa kubwa za chumba cha operesheni ili kamera isichanganyikiwe.

Inasaidia wapi?

Kwanza, mfuko wa nyongo. Wakiutoa juu ya mawe, munganga anakata mrija mudogo wa mfuko huo, lakini mrija mukubwa unaotoka ku ini lazima ubaki. Akiukata kwa kukosea, nyongo inamwangika ndani ya tumbo ao mgonjwa anageuka manjano, na inaomba operesheni ingine kubwa. Dawa ikipigwa mbele ya operesheni, inaingia katika nyongo na mirija inang'aa.

Pili, utumbo. Kipande kibovu kikiisha kukatwa, pande mbili zinashonwa pamoja. Upande usiopata damu hauponi: mushono unaweza kufunguka na uchafu kuingia katika tumbo, jambo linaloweza kuua. ICG ikipigwa katika mushipa, sehemu yenye damu inang'aa na ile isiyo na damu inabaki giza. Lakini uchunguzi wote uliofanywa haukutoa jibu moja kuhusu ni mara ngapi njia hii inazuia mushono kufunguka.

Tatu, kanseri ya maziwa. Dawa inapigwa karibu na uvimbe, inafuata njia ya maji ya mwili mpaka tezi la kwanza chini ya kwapa. Tezi hilo linatolewa na kupimwa. Likiwa halina kanseri, mara nyingi matezi mengine yanaachwa, na mama anapunguza hatari ya mukono kuvimba maisha yote.

Ine, kanseri ya ini. Katika Japani, wagonjwa walikuwa wamepigwa ICG siku kadhaa mbele ili kupima ini. Wakati wa kupasua, waganga waliona uvimbe wa kanseri bado unang'aa. Walitangaza jambo hilo mwaka wa 2009.

Mipaka yake

ICG haijui kanseri. Inaonyesha tu mahali ilipopita ao iliponaswa, na ini lililokauka juu ya ugonjwa linaweza kung'aa bila kanseri. Kamera haioni zaidi ya sentimita 1 hivi ndani ya nyama. Kuna dawa mpya zinazotafuta seli za kanseri: moja, pafolasianini, iliruhusiwa Marekani mwaka wa 2021 kwa kanseri ya ovari. Hata nayo inaweza kukosea.

Gharama kubwa iko ku apareyi kuliko ku unga. Pasipo kamera, munganga hayuko bila njia. Kwa mfuko wa nyongo, anasafisha vizuri mpaka anaona wazi kila mrija mbele ya kukata. Kwa tezi la kwapa, kuna rangi ya buluu inayoonekana kwa macho.

Mgonjwa aseme nini?

Dawa hii ina iyodi kidogo ndani. Mwenye kuwa na alerji ya iyodi ao aliyepata shida ya sindano ya aina hiyo anapaswa kusema mapema, vilevile mama mwenye mimba ao anayenyonyesha. Shida kali ya alerji ni ya nadra, lakini inaweza kutokea. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: dawa hiyo inatafuta nini katika mwili wangu, na isipong'aa, munganga atafanya nini?