Balthasar Neumann, fundi wa mizinga aliyejenga dari ambayo mabombe hayakuiangusha

Katika muji wa Würzburg, Ujerumani, kuna jumba kubwa ambalo watu wanatoka mbali kuja kulitazama. Aliyesimamia ujenzi wake ni Balthasar Neumann, mtu ambaye hakuzaliwa katika jamaa ya watajiri.

Alizaliwa mwaka 1687 huko Eger, muji ambao leo unaitwa Cheb, katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa mfuma nguo mwenye watoto tisa. Balthasar alikuwa wa saba. Kazi ya kwanza aliyojifunza ni kuyeyusha shaba na kutengeneza kengele na mizinga. Mwaka 1711 alifika Würzburg, na huko akaanza kusoma vipimo na ujenzi. Muji wake wa kuzaliwa ulimkopesha pesa za masomo. Aliingia pia jeshi, upande wa mizinga, na baadaye akawa koloneli.

Mwaka 1719 askofu mpya, Johann Philipp Franz von Schönborn, ambaye ndiye pia alitawala jimbo, alitaka jumba jipya. Kazi ilianza 1720. Neumann alikuwa bado hana uzoefu mwingi, kwa hiyo 1723 alitumwa Paris kuonyesha michoro yake kwa mabingwa wa kule. Kuta na mapaa vilimalizika 1744.

Kinachoshangaza zaidi ni dari ya mawe iliyo juu ya ngazi kubwa: mita karibu 18 kwa 30, bila nguzo hata moja katikati. Mchoraji Tiepolo kutoka Italia aliipamba kwa picha za Afrika, Amerika, Asia na Ulaya. Neumann mwenyewe yumo, ameketi juu ya mzinga.

Alichora pia makanisa mengi, kati yao Vierzehnheiligen, lililoanza kujengwa 1743. Msimamizi wa kazi alibadilisha mpango bila ruhusa, na Neumann akalazimika kuchora upya ili altare ibaki mahali pake. Alikufa 1753, kanisa halijaisha bado, lilimalizika 1772.

Tarehe 16 Machi 1945, ndege za Uingereza zilichoma karibu muji wote wa Würzburg. Watu elfu kadhaa walikufa. Paa la mbao la jumba liliteketea, lakini ile dari ya mawe ilibaki imesimama. Tangu 1981 jumba hilo liko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.